"Afisa kaja kufunga": tunayoyasikia Tanga kuhusu vituo vya watoto wadogo

Jumanne moja mwezi huu nilipiga hodi kwenye kituo cha kulelea watoto huko Ngamiani, nyumba ya vyumba sita iliyo nyuma ya banda la mkaa, kwenye moja ya zile barabara zetu za namba. Mlangoni nilikuta kandambili pea 23, ndogo ndogo, zimepangwa mstari, nyingine zimeandikwa majina kwa maka pen. Ndani hamna mtoto. Sufuria ya uji inafuka, vikombe vya plastiki viko kwenye jamvi. Mwenye kituo, bibi wa umri wa mama yangu, aliitikia shikamoo yangu, kisha akaniambia bila kupepesa macho: "Leo sikufungua, mwanangu, nina homa." Hapo hapo, ng'ambo ya ukuta, kwa jirani, mtoto akapiga chafya. Wenzake wakaangua kicheko.

Mimi nilicheka baadaye, nikiwa kwenye bodaboda. Pale mlangoni nilikasirika, maana sijui ni mara ya ngapi. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka mingi sasa, na hakuna maneno yaliyonichosha kama haya: afisa kaja kufunga.

Watu wanaamini kwamba ukaguzi ni kwa ajili ya shule zenye geti na basi la njano, na kwamba ukifika uswahilini maana yake ni kufuli. Ukweli ni kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009 inaipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto aliye ndani ya eneo lake. Haijasema mtoto wa kulipiwa ada. Kituo cha kulelea watoto mchana kinatakiwa kisajiliwe, na maombi yanapitia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Afisa anakuja, anaangalia, anaandika kilichopungua, mnakubaliana muda, anarudi. Kufunga kupo, sikatai. Nimeshashauri kifungwe kituo chenye kisima wazi uani, ambacho mwenyewe alikataa hata kukiwekea mfuniko wa mbao. Lakini ukuta usiopakwa rangi haujawahi kufunga kituo cha mtu.

Mimi naanza na choo. Wenzangu ofisini wananitania kwa hilo. Kabla sijaomba karatasi yoyote naomba kuonyeshwa choo, na ndoo ya kunawia ilipo. Kisha jiko: mkaa unawashwa wapi, na mtoto anayetambaa anaweza kulifikia au la. Kisha mlango wa kutokea barabarani, na nani anaruhusiwa kumchukua mtoto jioni. Kisha rejista. Daftari la kawaida la mistari linatosha: jina la mtoto, umri, mzazi, namba ya simu, na kama kuna chakula kinachomdhuru. Nimekuta kituo kina katuni ukutani kuanzia sakafu hadi dari na mwenye kituo hajui jina la mama wa mtoto aliyempakata.

Sasa bibi yule wa kandambili. Watoto waliporudishwa (nilimwomba awarudishe, uji usipoe) nikaingia. Choo kisafi kuliko cha ofisini kwetu. Walezi wawili. Jiko liko nje, limezungushiwa mabati. Kilichokosekana ni rejista na kitasa cha mlango wa mbele. Yaani bibi wa watu alikuwa anawaficha watoto kila akisikia pikipiki, akiwapitisha kwenye uwazi wa ukuta wenye misumari, kwa ajili ya daftari na kitasa! Hatari kubwa kuliko zote niliyoiona siku ile ilikuwa ule uwazi, na sababu ya watoto kupita hapo ni mimi.

Kituo kinachojificha kinakosa mengi. Juni na Desemba, mwezi wa afya na lishe ya mtoto unapofika na watoto wa miezi 6 hadi 59 wanatakiwa kupata matone ya vitamini A, mimi napiga simu kwa vituo ninavyovijua. Nisichokijua sikipigii. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 4 kati ya hizo ni za vikundi vya wanawake. Walezi wakijiunga wakawa kikundi wanaweza kuomba wakajenga choo au uzio. Lakini kikundi kinachoendesha kazi ambayo haijulikani popote kitajaza nini kwenye fomu?

Wazazi nao wana wimbo wao: "Mkiwabana hawa, sisi watoto tutawapeleka wapi?" Aliyeniuliza kwa uchungu zaidi ni mama mmoja anayeuza samaki soko la Deep Sea. Anatoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri, analipa mia tano kwa siku na uji humo humo. Swali lake ni la haki na sikulipuuza. Lakini nilimjibu hivi: dada yangu, mwenye gari akiona kituo hakieleweki anamhamisha mtoto kesho yake, ana pa kwenda na ana muda wa kuchungulia. Wewe unamwacha mtoto gizani, unamchukua saa saba umechoka, na mtoto wa miaka miwili hawezi kukusimulia alilalaje. Anayeweza kugonga ule mlango saa nne asubuhi kwa niaba yako, akafunguliwa, ni afisa. Ukimsaidia mlezi kunidanganya, umebaki peke yako.

Tena msisubiri mimi. Mzazi yeyote apite kituoni saa nne, saa ya uji, bila taarifa, siku moja kwa mwezi tu. Mkigawana zamu wazazi watano, kituo kina mgeni kila wiki. Mlezi mzuri atakukaribisha uji. Anayekuzuia mlangoni amekujibu tayari.

Lipo na hili la karatasi. Nikiomba usajili naletewa leseni ya biashara, au barua ya mwenyekiti wa mtaa iliyogongwa muhuri, safari moja hata risiti ya takataka. Leseni inahusu biashara. Barua ya mwenyekiti inasema anakufahamu. Hakuna hata moja inayosema mahali hapa panafaa kulaza watoto.

Wengine wanaandika kwenye kibao "Nursery and Primary" wakati kibali chao ni cha kulelea mchana, halafu wanamkalisha mtoto wa miaka sita kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Hapo mzazi analizwa. Darasa la awali na la kwanza ni mambo ya shule iliyosajiliwa na wizara ya elimu, na huko wanaokagua ni wathibiti ubora wa shule, sio sisi. Kwa kata yako, mtafute afisa elimu kata. Swali ni moja tu: shule hii namba yake ya usajili ni ipi?

"Elimu ni bure, kwa hiyo sidaiwi hata daftari." Hapana. Tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, ada imeondolewa shule za serikali, na awali imo. Sare, madaftari na chakula vilibaki kwa mzazi. Na kinyume chake pia ni uongo: mtoto wa awali harudishwi nyumbani kwa kuwa hajaleta hela ya uji au ya mlinzi. Akirudishwa, usigombane na mwalimu mbele ya watoto. Nenda kwa kamati ya shule, kisha kwa afisa elimu kata.

Kuna wanaopima kituo kwa madaftari. Mtoto wa miaka mitatu anarudi na kurasa mbili za irabu, baba anafurahi. Mkono wa miaka mitatu haujawa wa kalamu. Unga wa kuchezea, mchanga, nyimbo, hadithi na vizibo vya soda vya kuhesabia ndiyo masomo ya umri ule. Mkitaka mazoezi ya nyumbani, mpeni maharage achambue.

"Anakwenda chuoni, inatosha." Nami nimesoma chuo cha Kurani, hapa hapa Makorora, na fimbo za maalimu nazikumbuka. Chuo na darasa la awali havigombanii saa, kimoja asubuhi kingine alasiri. Ila chuo kikianza kuwalea watoto wachanga kutwa nzima huku mama zao wako sokoni, hicho ni kituo cha kulelea watoto, na maalimu anahitaji usajili kama mwingine yeyote. Wengi nikiwaeleza wanaelewa haraka kuliko wenye vibao vya Kiingereza.

La ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, litachukua mstari mmoja: kaya inafuatiliwa mahudhurio ya shule na kliniki kwa kuwa ndiyo masharti yake, haifuatiliwi ili ifutwe.

Na wale wanaomfungia ndani mtoto mwenye ulemavu kwa kuwa "vituo havimpokei": niletee jina la kituo kilichomkataa. Mara nyingi nikienda nakuta hakuna aliyewahi kuuliza.

Bibi wa Ngamiani alikuja ofisini Ijumaa iliyofuata na daftari lake la rejista, limefunikwa kwa gazeti. Majina 26. Nikamuuliza mbona nilihesabu kandambili 23. Akasema watatu huja pekupeku.