Kikundi cha urafiki si kituo cha misaada

Kila tunapotangaza kwamba kikundi chetu cha Jumamosi hapa Dar es Salaam kinahitaji watu wa kujitolea, napigiwa simu na mtu mwenye moyo mzuri anayeuliza alete nini: mchele, sabuni, juisi za watoto? Juzi swali limerudi tena. Hatuhitaji sabuni. Vijana wetu wenye ulemavu wa akili wana kwao, na wengi wanafua nguo zao wenyewe. Wanachokosa ni mtu wa rika lao wa kumpigia simu Jumapili jioni.

Shuleni hawakosi wenzao. Shida huanza siku kijana anapomaliza kitengo cha elimu maalumu. Ndugu zake wanakwenda chuo, wanapata kazi, wanaoa; yeye anabaki sebuleni na televisheni. Sheria ipo: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia 2009, unataja burudani na michezo katika ibara ya 30. Wazazi hawaibishii sheria. Wanaogopa: atapotea, atadanganywa, atachekwa. Wana haki ya kuogopa, ndiyo maana tunawachuja wajitoleaji na mzazi anajua muda wote tulipo.

Sasa niseme linaloniudhi. Tumekwenda kwa mama ntilie. Kijana amesimama mbele ya masufuria, na mama ntilie anamwuliza mjitoleaji: "Huyu anakula nini?" Mjitoleaji mzuri hajibu. Anamgeukia kijana na kunyamaza. Sekunde kumi zinapita, waliopanga foleni wanaguna, kijana anatazama wali, anatazama maharage, kisha anasema, "Chapati. Mbili." Mjitoleaji mgeni hawezi kuvumilia; sekunde ya tatu keshasema, "Mpe wali maharage, usimwekee pilipili." Anaamini amesaidia, kumbe amemfundisha mama ntilie kwamba kijana huyu haulizwi.

Kibaya zaidi ni pale anapofanya hivyo kati ya vijana wawili. Mmoja anaongea polepole, mwenzake anamsubiri bila haraka, maana anajua thamani ya kusubiriwa. Mjitoleaji anaingia kati, anamalizia sentensi, na wote wawili wanageuka kumtazama yeye. Mazungumzo yao yamekufa, yamebaki mahojiano. Wakicheza drafti, kaa pembeni. Wakigombana kuhusu kingi, waache wagombane, marafiki hugombana.

Wapo wanaosema tungewachanganya tu na vijana wasio na ulemavu. Tunawachanganya. Special Olympics, iliyoanza Marekani mwaka 1968, ina michezo ambayo timu moja huchanganya wachezaji wenye ulemavu wa akili na wasio nao, na naipenda sana. Ninachokataa ni imani iliyojificha humo, kwamba rafiki asiye na ulemavu ndiye rafiki kamili na wengine ni wa kuzugia.

Mashaka ninayo. Wajitoleaji wengi ni wanachuo. Muhula ukiisha wanaondoka, na kuna kijana anayeendelea kupiga namba isiyopokelewa. Tunawaambia mapema mtu ataondoka lini, tunaweka alama kwenye kalenda. Baadhi inawasaidia, wengine wanalia vilevile, na sina hakika kama tulichowapa kinalipia kilio hicho. Kuna na mapenzi. Hawa ni watu wazima, wanapendana, na wazazi wanataka nizuie. Tunafundisha ridhaa na kusema hapana, lakini mpaka wangu uishie wapi, bado tunabishana ofisini.

Ukitaka kuja, njoo mikono mitupu, na uweze kuja kwa mwaka mzima. Kabla ya kuondoka jioni, hakikisha vijana wawili wamehifadhiana namba kwenye simu zao. Asiyejua kusoma, mwekee picha ya mwenzake mahali pa jina, kisha akae apige mwenyewe mara moja ukiwa hapo, na upande wa pili upokee.