Bimu na nguzo za zege: dhana zinazowaponza wanafunzi wa uhandisi ujenzi

Hesabu ya zege inaweza kuwa sahihi mstari kwa mstari, na bado bimu iliyotokana nayo isifae kujengwa. Mara nyingi kasoro haiko kwenye kikokotoo. Iko kwenye dhana zilizookotwa saiti, au kwenye notisi zilizonakiliwa mwaka baada ya mwaka bila mtu kuuliza namba zimetoka wapi.

Tutumie bimu moja ya nyumba ya ghorofa na kuirudia mara kwa mara. Upana wake ni milimita 230, kimo 450 pamoja na slabu, na urefu meta 6. Imekalia nguzo mbili bila kuendelea upande wowote. Zege ni C30 (nguvu ya 30 N/mm² kwa mchemraba wa majaribio), nondo kuu ni za 460 N/mm², ringi ni R8 (chuma laini cha milimita 8) na kava, yaani zege linalofunika chuma, ni milimita 30. Inabeba slabu ya upana wa meta 3: zege la unene wa milimita 125 (3.0 kN/m²), sakafu, plasta na vigawanyo vyepesi (1.8), na watu na samani (1.5). Ukizidisha mizigo ya kudumu kwa 1.4 na ya watu na samani kwa 1.6, kama inavyotaka BS 8110 (kanuni ya Uingereza ya usanifu wa zege), na kujumlisha uzito wa bimu yenyewe, unapata takriban 30 kN kwa kila meta. Momenti ya katikati ni 30 × 6² ÷ 8, yaani 135 kNm. Slabu ingeweza kuhesabiwa kama sehemu ya bimu ya umbo la T. Hapa tunaiacha, tunabaki na mstatili.

"Ukiongeza nondo, bimu inakuwa salama zaidi"

Hii ndiyo dhana iliyokita mizizi kuliko zote, na ndiyo hatari kuliko zote.

Kina cha d kinapimwa kutoka juu ya bimu hadi katikati ya nondo za chini: 450 − 30 − 8 − 10 = 402. K, yaani M ÷ (b × d² × fcu), ambapo M ni momenti, b ni upana na fcu ni nguvu ya zege, inakuwa 0.121, na iko chini ya kikomo cha 0.156. Umbali wa z, kati ya nguvu ya mgandamizo juu na nondo za chini, unatoka 338 na nondo zinazohitajika ni 915 mm². Y20 tatu (nondo za kipenyo cha milimita 20) zinatoa 942. Kazi imekwisha.

Anatokea mtu na kusema, "Weka sita, tulale usingizi." Y20 tatu zinabeba takriban 138 kNm. Wengi wangetarajia sita zibebe 276. Hata tukijifanya kwamba zote sita zinaenea kwenye mstari mmoja, hesabu inatoa kama 207 tu. Sababu ni kwamba nguvu ya mvuto chini lazima ilingane na nguvu ya mgandamizo juu, na zege la juu halikuongezeka. Eneo linalogandamizwa linashuka, z inapungua, na nondo zinaishia kwenye mkazo wa karibu 385 N/mm² wakati zilitakiwa zifike 437. Maana yake zege la juu linapondeka kabla nondo hazijafika kiwango cha kurefuka moja kwa moja bila kurudi.

Hapo ndipo penye hatari. Bimu yenye nondo za kiasi huonyesha dalili inapozidiwa: nyufa zinapanuka chini, bimu inalegea kwa macho, plasta inadondoka, na watu wanapata muda wa kutoka. Iliyojazwa nondo kupita kiasi hupasuka juu ghafla bila kuonya mtu. Ndiyo maana kanuni inazuia x, yaani kimo cha eneo linalogandamizwa, isizidi nusu ya d. Kwa bimu yetu kikomo hicho ni kama 174 kNm, sawa na nondo za karibu 1,280 mm². Momenti ikipita hapo, ongeza kimo au weka nondo za mgandamizo juu zilizohesabiwa. Ile asilimia 4 ya juu kabisa iliyotajwa kwenye BS 8110 ni kizuizi cha msongamano, si lengo la kukimbilia.

Na msongamano wenyewe si jambo dogo. Kati ya ringi na ringi una milimita 154 tu. Y16 tano zinabakiza mianya ya milimita 18.5, na kokoto ya 20 haipiti hapo. Itakaa juu ya nondo, chini kutapita maji ya saruji peke yake, na fomu (mbao zinazoshikilia zege bichi) zikifunguliwa utakuta matundu.

"Bimu ikizidiwa, panda daraja la zege"

Tujaribu. Kwa C25 bimu yetu inahitaji nondo za 964 mm², kwa C30 ni 915, kwa C40 ni 867. Umepanda madaraja yote hayo na umeokoa asilimia kumi tu. Sasa bakia na C30 ila ongeza kimo kutoka 450 hadi 550. Hata ukihesabu uzito ulioongezeka, mahitaji yanashuka hadi takriban 700, na Y16 nne zinatosha na nafasi inabaki. Kwenye K, kina kimeinuliwa kipeo cha pili. Daraja la zege halikuinuliwa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa msanifu wa majengo ni kimo kinachoruhusiwa chini ya slabu.

Kwenye nguzo mambo yanageuka. Huko zege ndilo linalobeba sehemu kubwa, na kila N/mm² 5 zinazoongezwa kwenye nguzo ya 230 kwa 230 zinaongeza kama 90 kN.

Kuna dhana mbili ndogo zinazoambatana na hii. Ya kwanza: saruji ya 42.5 inatoa zege la 42.5. Hapana. Namba hiyo ni nguvu ya siku 28 ya mota ya majaribio ya maabara, yenye saruji moja kwa mchanga tatu na maji nusu ya uzito wa saruji. Nguvu ya zege lako inategemea zaidi uwiano wa maji na saruji. Kwa uwiano wa 0.5, mfuko wa kilo 50 unachukua lita 25, na unyevu uliomo mchangani unahesabiwa humohumo. Ya pili: 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) inafaa kila kitu. Mchanganyiko huo kwa kawaida huchukuliwa kuwa wa daraja la 20 hivi, na 1:1.5:3 daraja la 25. Ukiandika C30 kwenye mchoro halafu ukanyamaza, saiti watachanganya wanachokijua. Andika uwiano uliojaribiwa, na udai vipande vya majaribio vya milimita 150 vivunjwe siku ya 7 na ya 28.

"Kava ni ya kuzuia kutu tu, kwa hiyo ikizidi si kosa"

Ni kweli kava huzuia kutu, na kwa majengo yaliyo karibu na bahari, Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, milimita 25 za ndani ya nyumba hazitoshi. Chumvi hupenya, nondo hushika kutu, kutu hutanuka na kulipasua zege kutoka ndani. Kwa mazingira makali BS 8110 inadai C40 yenye kava ya 40. Tena jedwali lake la kava linaanzia C30 hata kwa sehemu kavu za ndani, jambo ambalo wanaoandika C25 kila mahali hawajalisoma.

Lakini kava inayozidi bila hesabu inakula d. Mfano mbaya zaidi ni balkoni. Slabu ya kantileva (iliyoshikwa upande mmoja tu) ya milimita 150, yenye kava 25 na Y12 juu, ina d ya 119. Mafundi wakizikanyaga nondo hizo wakati wa kumwaga zege zikashuka milimita 30, d inabaki 89. Robo ya uwezo imepotea, na kwenye mchoro hakuna kinachoonyesha. Biskuti, vile vipande vya kuinua nondo, zikiwekwa chini hazisaidii hapa. Zinahitajika nondo za kuegemea, zilizokunjwa kama viti na kuchorwa kwenye orodha ya nondo, si kuachiwa hiari ya fundi. Na kantileva iliyowekewa nondo kuu chini, kwa mazoea ya slabu za kawaida, huanguka siku fomu zinapotolewa.

"Ringi ni za kushikilia nondo zisisogee"

Zinashikilia, ndiyo, ila kazi yake hasa ni kuzuia mpasuko wa mshazari karibu na tegemeo. Nguvu ya shia, yaani ya kukata, mwishoni mwa bimu yetu ni 90 kN. Ukigawa kwa b × d unapata 0.97 N/mm². Zege pamoja na nondo za chini vinamudu kama 0.68. Kwa kuwa tofauti haijapita 0.4, ringi za kiwango cha chini zinatosha: R8 zenye miguu miwili kila milimita 250. Ukibadili kuwa R6 kwa sababu ndizo zilizopo dukani, nafasi inashuka hadi chini ya 150. Kubadili kipenyo bila kubadili nafasi ni kosa la kila siku.

Ncha za ringi zikunjwe kuingia ndani ya zege, digrii 135, hasa kwenye nguzo. Ncha ya digrii 90 hufunguka kava ikidondoka. Mahali zinaposahaulika zaidi ni pale bimu na nguzo zinapokutana, kwa sababu kuzipenyeza ni usumbufu. Tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, linatosha kumkumbusha yeyote anayedhani ukanda wa Maziwa Makuu hauhusiki na hili.

"Ukuta unaweza kuhamishwa popote, slabu itabeba"

Ukuta wa bloku wenye unene wa milimita 230 na kimo cha meta 2.7 una uzito wa karibu 12.4 kN kwa meta. Ukizidisha kwa 1.4 ni 17.4. Uweke juu ya bimu yetu: mzigo unatoka 30 hadi 47, momenti inafika 213 kNm. Hiyo imeshapita kikomo cha 174, kwa hiyo hata kuongeza nondo za chini peke yake hakuponyi. Ringi nazo zingetakiwa kila milimita 120 karibu na tegemeo. Mwenye nyumba anayehamisha ukuta wa ghorofa ya pili baada ya zege kukauka amebadilisha usanifu wote wa bimu iliyo chini yake.

"Nguzo inabeba mzigo wa kushuka wima tu"

Mwanafunzi huchukua 0.35 fcu Ac + 0.7 fy Asc (Ac ni eneo la zege, Asc eneo la nondo, fy nguvu ya nondo), anaweka 230 kwa 230 yenye Y16 nne, anapata kama 814 kN, analinganisha na mzigo, anafunga daftari. Fomula hiyo ina masharti: bimu za pande zote zikaribiane urefu, tofauti isizidi asilimia 15 ya ile ndefu, na mizigo iwe ya kuenea sawasawa. Nguzo ya kona haitimizi hata moja vizuri. Mzigo wake wa wima ni mdogo kuliko wa nguzo ya kati, lakini bimu zinaivuta upande mmoja na kuipa momenti pande mbili, na mara nyingi ndiyo inayodai nondo nyingi zaidi. Hata nguzo iliyo katikati kabisa lazima ihesabiwe kana kwamba mzigo umeteleza kutoka katikati kwa 0.05h (h ni upana wa nguzo), bila kuzidi milimita 20.

Halafu kuna nguzo za milimita 150, zinazopendwa kwa sababu zinazama ndani ya ukuta wa bloku za inchi 6. Nguzo iliyozuiwa isiyumbe huhesabiwa kuwa fupi ikiwa urefu wake wa kazi haufiki mara 15 ya upana. Kwa 150 hiyo ni meta 2.25. Ghorofa ya kawaida inapita hapo kwa urahisi, kwa hiyo momenti ya ziada ya wembamba lazima iingie. Jengo lisilo na kuta za zege za kuzuia kuyumba lina kikomo cha mara 10, na hapo hata 230 inaanguka. Bado kuna suala la nafasi: ndani ya 150, ukitoa kava ya 25 na ringi pande zote, umebakiwa na 84. Y16 mbili zinaacha mwanya wa 52. Pale zinapopishana na za ghorofa ya chini, mwanya unakuwa 20. Ndiyo maana sehemu ya chini ya nguzo nyembamba, inayodaiwa kuwa imara kuliko zote, hukutwa na matundu.

Ringi za nguzo zenye Y16 zisizidi nafasi ya mara 12 ya nondo ndogo, yaani 192, andika 175. Na bomba la maji taka la milimita 110 lisifichwe ndani ya nguzo ya 230: linaondoa asilimia 18 ya zege.

"0.95 au 0.87, yote ni BS"

Toleo la BS 8110 la 1985 lilitumia 0.87 fy, la 1997 likatumia 0.95 fy. Uingereza iliiondoa BS 8110 mwaka 2010 na kubaki na Eurocode 2, kanuni ya Ulaya, ilhali huku kwetu zote mbili zinakutana kwenye meza moja. Kubwa la kuchunga ni zege: C25/30 ya Eurocode ina maana 25 kwa silinda na 30 kwa mchemraba, na fomula za Eurocode zinataka 25. Ukiingiza 30 umejizawadia asilimia 20 ya nguvu isiyokuwepo. Vivyo hivyo usichukue mizigo ya 1.35 na 1.5 ukaipeleka kwenye majedwali ya BS.

"Prokon imekubali, basi imepita"

Programu ya usanifu kama Prokon inajibu ulichoiuliza. Ukiweka tegemeo lililokazwa mahali ambapo bimu imekalia ukuta tu, momenti ya katikati inashuka kutoka wL²/8 kuelekea wL²/24. Kwa bimu yetu ni 135 dhidi ya 45, na Y12 tatu zitaonekana kutosha. Kabla ya kuchapisha, jumlisha kwa mkono mizigo yote ya ghorofa, kisha jumlisha nguvu za chini ya nguzo zote. Hizo mbili zisipolingana, kuna slabu ambayo haijaunganishwa na bimu yake au mzigo ulioingizwa mara mbili. Itafute kabla hujagusa ukurasa wa nondo.