Kuchakaza Mabehewa ya Modeli kwa Brashi ya Hewa: Yanayodhaniwa na Yalivyo

Dhana inayowapoteza wanaoanza kuliko nyingine zote ni kwamba kuchakaza behewa la modeli, yaani behewa dogo la treni ya mfano, ni kulipuliza rangi ya kahawia mwili mzima mpaka lionekane kuukuu. Ukweli ni kwamba uchafu wa reli una asili na njia zake, na anayetaka behewa lake liaminike hana budi kuzijua kwanza. Ukiyatazama kwa makini mabehewa ya mizigo ya reli ya zamani pale Changamwe, utaona kwamba vumbi la breki na la njia limeganda kwenye magurudumu na fremu zake, likarushwa hadi kwenye kuta za mbele na nyuma, nalo hupungua kadiri jicho linavyopanda. Wekundu wa udongo wa Voi na Tsavo umelala kwenye kingo za chini, ilhali jua limeipausha rangi ya paa na mbavu. Behewa la mafuta lina michirizi inayoshuka kutoka kwenye mfuniko wa juu, kwa sababu hapo ndipo mafuta humwagika wakati wa kujaza.

Kwa hiyo mimi huanza na rangi ile ile ya behewa iliyotiwa nyeupe kidogo, nikiipuliza juu ya paa iwe kama ukungu tu kwa brashi ya hewa, yaani kifaa kidogo kama kalamu kinachonyunyiza rangi kwa hewa ya kompresa. Vumbi hulipuliza nikiwa nimeinamisha brashi ili rangi itoke chini kwenda juu, kama magurudumu yanavyolirusha. Kutu ya mikwaruzo siipulizi kamwe: kutu huanzia pale chuma kilipogongwa, na mahali hapo huwa padogo, basi huiweka kwa kipande cha sponji, nukta baada ya nukta.

Wengi huamini pia kwamba presha ikiwa kubwa ndipo rangi hushika, imani ambayo huenda imetokana na kuwatazama mafundi wa magari wakipuliza milango. Modeli ya skeli ya HO imepunguzwa mara 87, hivyo behewa la mita 12 huwa na takriban sentimita 14 tu, na upepo wa kupulizia mlango wa gari ni tufani kwake. Presha ya psi 15 hadi 20 inatosha kwa nozeli, yaani tundu la kutolea rangi, ya milimita 0.3, kwa umbali wa sentimita 5 hadi 10, na rangi iwe imezimuliwa mpaka itiririke ukingoni mwa kikombe kama maziwa. Ukisogea karibu mno, hewa huisukuma rangi mbichi ikatambaa kama miguu ya buibui. Ukiwa mbali mno, rangi hukauka njiani ikatua kama chengachenga. Nawasihi pia wanaoanza wasiichukue thina kali ya gereji, kwa kuwa huyeyusha plastiki.

Kisha kuna kichujio cha maji, kinachonasa maji yaliyomo kwenye hewa ya kompresa kabla hayajafika kwenye brashi, ambacho wauzaji na wanunuzi hukiona kuwa nyongeza ya anasa. Hapa Mombasa hakiachiki. Hewa yetu imejaa mvuke wa bahari. Kompresa inapoibana hewa hiyo hupata joto, na inapopoa ndani ya tangi na mpira wa hewa, mvuke hugeuka maji. Masika moja nilikuwa nakaribia kulimaliza behewa la saruji, nikipita mara ya mwisho na vumbi la kijivu, brashi ilipotema matone matatu ubavuni. Yaliacha miduara mitatu safi yenye kingo nyeusi katikati ya kazi ya jioni mbili. Tangu hapo nina kichujio kimoja kwenye kompresa na kingine kidogo chini ya brashi yenyewe, na tangi hulimwaga maji kila nimalizapo kazi.

Kuhusu barakoa, maelezo ni mafupi: rangi ya maji haina harufu kali, lakini ikishapulizwa ni chembe ndogo zinazoingia mapafuni kama za rangi nyingine yoyote. Barakoa ya kitambaa haizizuii. Tumia yenye vichujio, na ufungue dirisha.

Wapo wanaoogopa kuanza kwa kudhani kwamba kosa halifutiki. Behewa likipakwa kwanza vanishi ya akriliki na kuachwa likauke kabisa, rangi ya mafuta inayopulizwa juu yake inaweza kufutwa kwa brashi ya kawaida iliyolowekwa kidogo katika tapentaini, na ukiivuta brashi hiyo kutoka juu kwenda chini utapata michirizi ya mvua ambayo brashi ya hewa peke yake haiwezi kuichora. Vanishi ya mwisho iwe isiyong'aa, nayo isipulizwe mvua ikiwa inanyesha, kwa sababu unyevu huifanya iwe na ukungu mweupe kama maziwa yaliyomwagika juu ya kazi nzima. Mimi hungoja mchana mkavu wa kaskazi, nikalipuliza behewa mara mbili kwa tabaka jepesi, nikalifunika kwa boksi hadi kesho yake.