Askari wa miguu si askari anayekwenda kwa miguu

Jumamosi usiku, kwenye chumba cha gemu tunakokutana hapa Majengo, Mombasa, nilikuwa nikipanga watu kabla hatujaanza. Sisi huigiza vita kwenye kompyuta. Kila mtu ana cheo chake, jukumu lake na mkubwa wa kumsikiliza, na hakuna kukimbia ovyo na kufyatua tu. Wengine huwa pale chumbani, wengine huingia kutoka Likoni na Kisauni, wawili watatu wako Tanga. Nikafika kwa mtoto wa kaka yangu.

"Ami, leo usiniweke askari wa miguu. Niweke kwenye gari."

Nikamweka kwenye gari la deraya, lile la vita lenye kinga ya chuma, pamoja na wenzake saba. Kazi yao ilikuwa kushuka karibu na daraja, kulitwaa na kulishika. Akafurahi sana. Akamgeukia aliyeketi pembeni yake akamwambia, "Mimi si wa miguu tena, nimepanda."

Hakupanda kokote, na wa miguu alikuwa vile vile. Usiku ule nilisikia neno hilo likipotoshwa mara tatu, na kila wiki nalisikia, kwa hiyo nimeona bora niandike.

Maana yenyewe ni fupi. Askari wa miguu ni mwanajeshi ambaye kazi yake ni kupigana akiwa chini ardhini, kwa silaha anazoweza kuzibeba yeye na wenzake: amsogelee adui, amng'oe alipo, kisha akae pale pale asing'oke yeye. Basi. Hakuna mahali katika maana hiyo palipotajwa jinsi alivyofika. Anaweza kuwa amefika kwa gari, kwa helikopta, kwa mashua au kwa mwavuli wa kurukia kutoka kwenye ndege. Hakuna palipotajwa cheo pia. Koplo ni wa miguu, na meja anayeongoza kombania nzima ya watu mia na zaidi naye ni wa miguu.

Kosa lote linatoka kwenye silabi moja. Watu wanasikia "wa miguu" wanaelewa "kwa miguu". Ukisema "kwa miguu" unaeleza mwendo: nimetoka Tononoka hadi Kivukoni kwa miguu, kwa sababu sikuwa na nauli. Ukisema "wa miguu" unaeleza aina ya mtu. Tazama soko la samaki. Tunasema samaki wa mshipi na samaki wa nyavu, na mwenye kujua samaki hulipa zaidi kwa yule wa mshipi maana nyama yake haikupondeka. Samaki wa mshipi akitiwa ndani ya kreti, akafungwa nyuma ya pikipiki, akapelekwa mpaka Mtwapa, hageuki kuwa samaki wa pikipiki. Mshipi umetaja alivyovuliwa, si alivyosafiri. Na maji ya kisima ni ya kisima hata yanapopita mtaani juu ya mkokoteni. Hakuna anayekosea hapo. Lakini askari akipanda gari, mara moja tunasema ameacha kuwa wa miguu.

Mfano mzito zaidi uko katika historia ya bandari yetu. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo, ndani yake wakiwamo karibu watu elfu moja wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 mwezi huo nyambizi ya Kijapani iliizamisha karibu na visiwa vya Maldivi, na watu zaidi ya 1,200 wakafa. Wengi wa wale wa mizinga walifia baharini, melini, lakini hakuna kitabu kinachowaita wanamaji. Walikuwa watu wa mizinga. Walivyosafiri hakukubadilisha walivyokuwa, wala kufia majini hakukubadilisha.

Sasa geuza upande wa pili. Vita Kuu ya Kwanza ilipopiganwa katika nchi hizi, waliotembea kuliko wote hawakuwa askari. Walikuwa wapagazi, wale wa Carrier Corps, jina ambalo ndimi zetu zililigeuza likawa Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor Nairobi. Walibeba unga, risasi, mahema na majeruhi, porini na kwenye matope, kwa miezi. Makumi ya maelfu walikufa, wengi zaidi kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Maandishi chini ya sanamu za ukumbusho za Nairobi yanawataja kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Waliitwa miguu ya jeshi, walikwenda kwa miguu kila siku, na bado hawakuwa askari wa miguu, kwa sababu kazi yao haikuwa kupigana. Kama kutembea kungekuwa ndiko kunakomfanya mtu awe askari wa miguu, basi wao wangekuwa wa kwanza. Sisi wa Mombasa tuna sanamu zetu za askari wa vita hivyo kwenye Barabara ya Jomo Kenyatta, na kila siku matatu zinazipita bila mtu kugeuza shingo.

Kwa nini basi ikaitwa miguu? Kwa sababu neno lilizaliwa kutofautisha na farasi. Zamani waliopigana juu ya farasi walikuwa kundi moja, waliopigana wakiwa wamesimama juu ya nyayo zao kundi jingine. Lugha nyingi zilikwenda njia hiyo. Waarabu husema mushati, yaani wanaotembea. Waajemi walisema piyada, na neno hilo ndilo lililoingia kwenye sataranji, yaani mchezo wa chesi, kwa jina la vile vipande vidogo vya mstari wa mbele. Nadhani na dharau ya "hawa ni wa kutolewa kafara" imepita mlango huo huo. Ila hata enzi za farasi mpaka ulikuwa kwenye kupigana, si kwenye kusafiri. Ulaya, karne ya 17, kulikuwa na askari walioitwa dragoon, waliopanda farasi mpaka karibu na vita, wakashuka, wakapigana chini. Mwanzoni walihesabiwa pamoja na askari wa miguu waliopandishwa farasi. Gari la deraya la mpwa wangu ni farasi yule yule.

Wapo pia wanaopenda kusema "infantri", jina la Kiingereza la askari wa miguu, nao wana hadithi yao: eti neno linatokana na watoto wachanga, kwa hiyo hao walikuwa vitoto vya kutangulizwa wafe. Nusu ya hadithi ni kweli. Kilatini infans ni "asiyesema", yaani mtoto mchanga. Lakini neno halikuruka kutoka kitandani hadi vitani. Katika Kiitaliano na Kihispania infante lilikuja kuwa kijana, kisha kijana mtumishi anayefuatana na bwana wake mpanda farasi akiwa chini, na kundi la vijana hao ndilo likaitwa infanteria. Ni neno la ujana na la utumishi. Halikusema wafe kwanza.

Na "askari"? Hili letu ni la Kiarabu, askari, mtu wa askar, yaani jeshi, na wanaofuatilia maneno wengi wanalipeleka nyuma zaidi hadi Kiajemi, lashkar. Mombasa tumelitandaza mpaka limekuwa jamvi la wageni: askari polisi, askari jela, askari kanzu, askari wa kaunti, askari wa geti ambaye vijana humwita soja. Ndiyo maana ukimwambia mtu "wewe ni askari wa miguu" anafikiria mlinzi anayezunguka ghala na kurunzi. Wazee waliokwenda vitani walikuwa na neno lao safi zaidi, Keya, kutokana na herufi za King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Keya walikuwa askari wa miguu hasa, na vikosi vyao vya hapa ndivyo vilivyokuja kuwa Kenya Rifles baada ya uhuru. Neno Rifles lenyewe linakwambia: watu wa bunduki.

Komando nitamgusa haraka, kwa kuwa kila mtoto anamtaka. Neno limetoka kwa Makaburu wa Afrika Kusini, na kwao lilikuwa kundi la raia wenye bunduki juu ya farasi, wengi wao wakulima. Waingereza walilichukua mwaka 1940 kwa vikosi vyao vya mashambulizi ya ghafla. Komando wa leo akishuka kwenye mashua anapigana vipi? Chini, kwa silaha aliyoibeba. Ni askari wa miguu aliyechujwa na kufunzwa zaidi. Anayesema "sitaki miguu, nataka komando" ni kama anayesema hataki kuwa mpishi, anataka kupika biriani ya harusi.

Kuna na wanaotafsiri "jeshi la nchi kavu" kuwa askari wa miguu. Hapana. Jeshi la nchi kavu lina watu wa mizinga, wa vifaru, wahandisi, mawasiliano na uchukuzi. Askari wa miguu wamo humo, hawajalijaza.

Turudi kwenye majukumu, kwa sababu orodha zetu ndizo zinazoharibu vijana. Nimeona orodha inayoanza na rubani, kifaru, mdunguaji (mlengaji wa kutoka mbali), tabibu, komando, kisha mwisho kabisa "askari wa miguu", kama kapu la waliobaki. Askari wa miguu si jukumu moja. Ni nyumba yenye vyumba. Kwa mpango wa Kiingereza, ambao nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza ziliurithi, seksheni ni watu wanane hivi chini ya koplo, wanagawika wanne wanne. Seksheni tatu na uongozi wake ni platuni, chini ya luteni na sajini wake. Katika kila kundi la wanne yupo kiongozi, yupo mwenye bombomu, yaani bunduki ya rashasha, yupo mwenye kurusha guruneti kwa bunduki, yupo wa bunduki ya kawaida.

Mwenye bombomu ndiye ninayetaka kumtetea. Hakuna anayemtaka, kwa kuwa bunduki ni nzito na hapati sifa za kuua wengi. Kazi yake kubwa ni kumfanya adui asiinue kichwa. Wanne wanalala na kummiminia adui risasi, wanne wengine wanainuka, wanakimbia sekunde tatu hadi tano tu, wanaanguka chini kabla adui hajawahi kulenga. Kisha zamu inageuka. Nyinyi mnapiga, sisi tunakwenda. Sisi tunapiga, nyinyi mnakwenda. Bombomu ikinyamaza wakati wenzako wako wazi katikati ya barabara, wamekwisha. Mdunguaji naye, anayependwa na wote, mara nyingi yuko peke yake na mwenzake mmoja mbali huko, anatazama zaidi ya anavyopiga.

Jumamosi ile tuliona kwa macho. Upande wa pili walijichagulia helikopta, kifaru na wadunguaji watatu. Walitupiga vibaya sana dakika kumi za mwanzo, nakiri. Lakini hawakuwa na mtu wa kuingia kwenye nyumba mbili zilizo kichwani mwa daraja. Kifaru chao kilipita mbele ya nyumba mara nne. Mpwa wangu na wenzake walikuwa wamelala chini ya madirisha, wamezima hata sauti zao, nikimwona kwenye kioo chake akihesabu risasi zilizobaki kwenye magazini. Kifaru kilipoondoka, daraja lilikuwa letu. Hakikuweza kushuka kuingia chumbani.

Na hili halikuanza kwenye kompyuta. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, iliundwa kwa ajili ya mizinga. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696. Njaa na maradhi viliwala waliokuwa ndani, meli za msaada zilikuja na kwenda, miezi ikapita hadi karibu miaka mitatu. Ngome haikuwa ya Waomani mpaka siku ya Desemba 1698 watu walipoparamia kuta wakaingia. Wengi wa hao walikuwa wamefika kisiwani kwa majahazi.

Tulipokuwa tunafunga kompyuta nilimwita mpwa wangu pembeni, nikamwambia, "Umecheza vizuri mno, baba. Lakini ujue leo ulikuwa askari wa miguu."

"Si nilikuwa kwenye gari, ami?"

"Ulikwenda kwa gari. Ulipopigana ulikuwa wapi?"

Akafikiri. "Chini ya dirisha."

Kwa hiyo ninawaomba wanaoandika orodha zetu waliondoe neno hilo kule chini, waliweke liwe kichwa, na chini yake waandike koplo, bombomu, guruneti, bunduki. Na anayetaka kusema sawasawa aseme hivi: "Mimi ni wa platuni ya askari wa miguu, tunakwenda kwa gari." Wa na kwa zimo zote mbili, kila moja mahali pake.