Je, wajua kwa nini kompyuta ya gemu yenye kadi mbili za grafiki, zile zinazochora picha, inaweza kukwama kuliko yenye moja?

Wiki jana kijana mmoja wa hapa Kondele, Kisumu, aliniletea mashine yake, ndani kuna kadi mbili za grafiki za gigabaiti 4 kila moja, zimebanana hata kidole hakipiti katikati, akaniuliza mbona gemu inakwamakwama na mita ya fremu, yaani picha zinazochorwa kwa sekunde, inasoma 60 kabisa.

Sasa shida ni hii, kadi mbili hazijumlishi nguvu, zinapeana zamu. Moja inachora fremu ya kwanza, nyingine ya pili, hivyo hivyo, kama watu wawili wanatwanga kwa kinu kimoja, mmoja akichelewa kidogo tu mdundo unaharibika. Fremu moja ikitoka kwa milisekunde 8 na inayofuata 25, ukipiga hesabu ni kama 60 kwa sekunde lakini jicho linaona mikatiko. Halafu gemu nyingi za siku hizi zinalainisha picha kwa kutumia fremu iliyopita, na hiyo fremu iko kwa kadi ile ingine, so lazima isubiriwe ivushwe. Na memori pia, 4 na 4 inabaki 4 kwa sababu kila kadi inabeba nakala yake ya vitu vilevile, hapa ndio watu wengi wanapoteza pesa na inaniuma.

Pia Nvidia, watengenezaji wa kadi za grafiki walioleta SLI yao 2004, yaani njia ya kuunganisha kadi mbili, waliacha kuongeza profaili mpya za SLI (mipangilio ya kila gemu) kwa draiva, programu inayoendesha kadi, kuanzia Januari 1, 2021. Kwa DirectX 12 na Vulkan, mifumo ambayo gemu hutumia kuongea na kadi, kazi ya kuzifanya kadi mbili zishirikiane ni ya waliotengeneza gemu, na wachache sana wanaifanya.

Kwa hivyo kabla ununue chochote, ingia setingi za draiva uzime SLI, cheza sehemu ileile dakika kumi. Ikilainika, gemu yako haitaki kadi mbili, basi. Isipolainika ndio uangalie prosesa, pawa saplai, na joto, na joto la Kisumu saa nane mchana usilichukulie poa, kadi ya juu inavuta hewa moto ya ile ya chini mpaka inajipunguzia spidi yenyewe. Ya huyu kijana ilikuwa nyuzi 86. Tulichomoa ya chini, ikashuka 72, mikatiko ikaisha, na ile ingine akampelekea mdogo wake.