Kabla ya kuchora banda la ngoma, uliza panachezwa nini

Mchoro wangu wa kwanza wa banda la muziki, kwa ajili ya mtaa mmoja Kigamboni, ulikuwa na jukwaa la mita moja kwenda juu, ukuta nyuma na watazamaji mbele. Bibi mmoja aliutazama akaniuliza, "Sasa baba, mdundiko ukija utaingilia wapi?"

Nikakosa la kusema. Mdundiko wa Wazaramo ni ngoma ya kutembea, unakuja na umati wake. Hata kwenye taarabu, mtu huinuka na noti yake kwenda kumtunza mwimbaji. Sasa apande ngazi na gauni lile? Nikarudi kuchora upya: sakafu ikainuka kidogo tu, maji ya masika yasiingie, na pande tatu zikabaki wazi.

Kazi ilikuwa kwenye paa. Mvua ikipiga mabati, mwimbaji hasikiki hata akiwa na kipaza sauti, na karibu na bahari chumvi inakula misumari. Makuti yanaimeza kelele ya mvua. Lakini ngozi ya ngoma hukazwa kwa moto, na wapigaji huutaka moto huo karibu, usiku kucha. Makuti na cheche!

Tukabaki na makuti, na jibu la cheche lilitoka kwenye upepo. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo zote mbili zinasukuma kuelekea magharibi. Wapigaji tuliwapa mgongo mashariki, upepo uwapelekee watu sauti. Jua la jioni linawapiga wapigaji usoni, ni kweli. Tumepanda miarobaini upande huo, na mpaka ikue watavumilia.

Ukuta wa nyuma upo, mfupi, karibu kabisa na wapigaji, uisukume sauti mbele. Nilichokataa ni ukuta wa uzio uliopendekezwa ng'ambo ya uwanja. Sauti huenda takriban mita 340 kwa sekunde. Ukuta ulio mita 17 mbele yako unakurudishia pigo baada ya sehemu ya kumi ya sekunde, na kwa mpiga msondo, ile ngoma ndefu, hilo ni pigo la pili asilolipiga yeye. Tukaweka michongoma.

Moto nao umepata mahali pake, magharibi kabisa, nyuma ya watazamaji, cheche zikiruka ziende barabarani. Wapigaji bado wananung'unika kwamba ni mbali.