TV kubwa haimpofushi mtoto

Miaka nenda rudi kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mwanza: sebule ikiwa ndogo usinunue TV ya inchi 43, mtoto akiikaribia atapofuka. Si kweli. Kukaa karibu huchosha macho. Yanakauka na kuwasha kwa kuwa mtu husahau kupepesa, akipumzika yanarudi sawa.

Hofu hii ina asili. Mwaka 1967, huko Marekani, baadhi ya TV za rangi za chogo zilibainika kutoa mionzi ya eksirei kupita kiwango. Flati za leo hazina lile bomba la kioo lililoitoa. Ukiwa dukani itazame kwa ubavu, utaona ilivyo nyembamba.

Kinachochanganya ni mtoto anayeng'ang'ania kukaa mbele kabisa, baadaye akaonekana haoni mbali. Mara nyingi anaisogelea kwa sababu tayari haoni mbali. Simama naye kituoni Buzuruga, mwambie asome maandishi ya daladala inayokuja. Ukiyasoma wewe na yeye hawezi, mpeleke akapimwe macho.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Kuna mzazi atabadilisha TV akidhani amemaliza, na mtoto abaki bila miwani.